Unga Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu Swaleh,

Pokea salamu zetu za hapa Bofu. Mamako amepata nafuu ya goti, alhamdulillahi, na mbuzi wetu amezaa pacha.

Wauliza kwa nini nimejaza unga wa ngano chini ya kitanda. Naogopa, baba. Redio yasema meli zarushiwa makombora Bahari ya Shamu, na zile za ngano zazunguka Afrika nzima.

Nilikuwa kigoli Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita. Mamangu alikwenda dukani akanunua unga wote uliobaki, akauficha. Ramadhani ikaingia. Jirani yetu, Bi Mwanaisha, akatuletea sahani ya muhogo wa nazi. Wajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Lakini mama aliogopa kupika chapati, maana harufu yake hupita ukuta. Sahani ikakaa kwetu siku baada ya siku, hata Bi Mwanaisha akaja mwenyewe mlangoni.

"Nipeni sahani yangu," akasema polepole. "Hata tupu, nipeni."

Hakutuletea nyingine tena. Na ule unga tulipoufungua, ulikuwa umeingia wadudu.

Jana mpangaji wa jirani, msichana wa bara, aliniletea mbaazi. Sahani yake iko mbele yangu ninapoandika. Mara mbili nimeuvuta mfuko wa unga, na mara mbili nimeurudisha chini ya kitanda.

Niombee dua, Swaleh.

Nyanyako,
Rukia