Tangi Lisilo na Harufu

Kabula wangu,

Leo nimemnasua mtu mdomoni mwa tangi, nami nakuandikia mbio mbio. Usinicheke mwandiko.

Baada ya kukuzika Kisesa, karakana yetu hapa Pasiansi ilifungwa. Majuzi bosi katurudisha. Kazi ni ile ile: tunailisha hamira maji ya sukari, tunaipulizia hewa, nayo inatutengenezea asidi ya ndimu ya kutia kwenye juisi. Ulikuwa ukiwaambia wageni, "Sisi tunakamua ndimu bila mndimu." Nikikumbuka nachekaga, halafu nalia.

Naogopa, Kabula. Naogopa mlio wa pampu. Naogopa zaidi tangi likiwa tupu, maana siku ile sote tuliliona tupu. Ulishuka kuliosha huku unaimba. Wimbo ukakatika. Tukadhani unatania.

Baada ya kukupoteza ndipo tukaelezwa: hamira inayobaki chini huimaliza hewa nzuri na kuacha hewa nzito, haina harufu, inalala humo ndani kama maji.

Jana tulihamishia asidi kwenye mapipa, tukafunika tangi. Leo asubuhi Masanja, mwenzetu mpya kutoka Buzuruga, akachukua brashi, akaweka mguu kwenye ngazi. Bosi akasema, "Ingia tu, ni kazi ya mara moja."

Nikamrukia Masanja, nikamshika kiunoni, tukaanguka wote sakafuni.

"Dada Koku, una wazimu?" Masanja akauliza.

Niliwasha mshumaa, nikausimamisha kwenye kopo, nikalishusha tangini kwa kamba. Haukufika hata katikati. Ukazimika.

Masanja alikaa chini akashika kichwa. Bosi alikwenda mwenyewe kuleta feni, akafungua mlango wa chini wa tangi. Tumeliosha tukiwa nje, kwa mpira wa maji na brashi ya mpini mrefu. Limetakata kabisa. Kumbe iliwezekana, Kabula. Siku zote iliwezekana.

Kesho narudi tena. Woga haujaniisha, wala sitaki uniishe. Nakuahidi, nikiwa nimesimama pale hakuna atakayeshuka mle, hata kama itabidi nimng'ang'anie miguu mpaka wanifukuze kazi.

Pumzika, rafiki yangu. Mungu akulaze pema.

Wako,
Koku