Mume Wangu Amegawa Hadi Plau

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, mama Gaudensia, naomba unisaidie maana hapa kijijini Mamba nimeshaanza kuitwa mke mchoyo. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku na ng'ombe wetu, na mume wangu Masunga ni mtu wa jembe na mtu wa vichekesho, akilima unamsikia toka barabarani anavyowagombeza maksai wake kwa majina, Sabuni na Mchumba, mpaka wapita njia wanacheka. Mwaka huu mpunga ulikuwa umeshainama, bado kuvuna tu, naye alikuwa anashinda na kulala juu ya dungu na madebe yake ya kufukuzia tembo, sasa jirani yetu Method akafiwa na baba yake, na kwetu huwezi kukosa kwenye mazishi ya jirani, akashuka akaenda kuzika, kurudi akakuta tembo wameshapita, walichokiacha wamekikanyagia kwenye matope. Mdogo wake Lyamba akamtania mbele za watu, "Kaka, leo umezika mara mbili," watu wakacheka, na yeye akacheka.

Tangu hapo hasemi. Anakaa nyuma ya nyumba anaangalia chini, chakula anakichezea, usingizi hana, nikimuuliza ananijibu, "Nimechoka tu, mama Kulwa." Nilikuwa naogopa sana, lakini siku hizi namshukuru Mungu ametulia, hana hasira na mtu, ila ameanza kugawa vitu, plau la kulimia kampa Lyamba, baiskeli kampa Method, redio kampa fundi Nassib, na majuzi ameniita zizini akanionyesha namna ya kumfunga nira Mchumba kwa sababu anaogopa kusimama upande wa kushoto, akaniambia, "Msimu ujao utalima mwenyewe, ujue." Nikacheka, nikamwambia mwanamke wa Kisukuma hafundishwi ng'ombe. Watu wanamsifu kwamba amekuwa na moyo, mama mkwe anasema ni mizimu na anataka kumpeleka kwa mganga, mimi nikilalamikia vitu vya nyumba naambiwa nina roho mbaya. Alichobakiza ni bomba la kupulizia na ile dawa ya viwavi, hivyo kavihamishia chumbani, anasema stoo vitaibiwa. Mama, nimkataze kugawa, au nikimkataza nitakuwa nazuia baraka zake? Jibu nitalisikilizia dukani kwa Zuhra, maana redio ndiyo hivyo tena.

Minza, Mamba

*

Mdogo wangu Minza, majina yenu nimeyabadili, ila wewe utajijua. Umeniuliza habari za plau, mimi nitakujibu habari za mume wako. Huyo hagawi vitu. Huyo anaaga.

Pole sana. Barua yako nimeiweka mbele ya barua zote. Utulivu huo unaoushukuru ndio unaonitisha mimi. Mkulima mwenye akili zake sawasawa hagawi plau, na wewe mtoto wa wafugaji unalijua hilo kuliko mimi. Lakini nyie wote mmezidi! Mtu anawapa baiskeli, mnapokea na kumsifu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kesho atapanda nini. Na wewe Lyamba, kama unanisikiliza, utani wako haukuwa utani. Kaka yako alikwenda kumzika jirani kama mtu mwenye utu, ukamgeuzia utu wake kuwa kosa, naye amelibeba.

Sasa nisikilize. Hiyo dawa na bomba vitoke chumbani leo hii. Usivirudishe stoo, mpe Zuhra avifungie dukani kwake. Kisha kaa na mumeo umuulize bila kuzunguka: "Baba Kulwa, unawaza kufa?" Usiogope kwamba utamtia wazo. Kama lipo, limo tayari, na huenda anangoja mtu wa kumsaidia kulitua. Akikujibu ndiyo, usimhubirie, usimlilie habari za watoto. Mwambie, "Nimekusikia, siondoki hapa."

Asiachwe peke yake. Nyie mnajua kulinda mpunga kwa zamu, sasa mlindeni mtu. Lyamba ashike zamu, Method ashike, na Lyamba arudishe hilo plau na kuomba msamaha kwa mdomo wake. Na mapema iwezekanavyo pandeni pikipiki mwende kituo cha afya, umweleze tabibu maneno haya haya uliyoniandikia, yote, hata ya nira. Akikwambia ni malaria tu, usinyanyuke kwenye kiti. Wakiwapa rufaa ya kuja huku Mpanda mjini, mje. Mama mkwe usigombane naye, mwambie hospitali kwanza, mengine yatafuata. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mengine ningeweza kukwambia, lakini sitaki uendelee kunisikiliza. Umesema utanisikilizia dukani kwa Zuhra. Basi muda huu Masunga yuko nyumbani, na chumbani kuna ile dawa.

Nyanyuka, Minza. Rudi kwa mumeo.