Wimbo wa Mama na Ngoma Zangu

Carna, Jumatatu

Kaka Fiachra,

Mvua haijakatika, na ng'ombe wa Peigín jirani amebomoa tena ukuta wetu wa mawe. Ujumbe wako wa kutoka Boston nimeusikia. Eti wimbo wa Mama nimeuharibu kwa vinanda, fidla na mangoma ya sinema. Nitukane utakavyo, siondoi hata ngoma moja.

Pale studio Dublin nilikourekodi, walitaka umalizike kwa kishindo. Nikawaambia, "Jamani, kwetu mstari wa mwisho hauimbwi, unasemwa tu kama maongezi. Hamtaki, narudi kwetu." Wakanyamazisha vyombo vyote hapo mwishoni.

Mama hanijui tena tangu Pasaka. Ananiita "bibie". Jana niliuweka wimbo kwa sauti ya juu mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akaja akanishika mkono, akawa anauzungusha polepole, kama huku kwetu tunavyomshika mwimbaji ili asiimbe peke yake. Ngoma zilipokatika, kabla sauti yangu haijasema ule mstari wa mwisho, akausema yeye, wote, bila kukosea neno.

Nikadhani sasa ataniita kwa jina. Akaniangalia, akasema, "Bibie, umeimba vizuri. Fiachra wangu yuko wapi?"

Kwa hiyo usinifundishe mimi namna ya kuutunza wimbo wake. Nimemwambia wewe uko njiani, na tangu asubuhi amekaa dirishani amevaa koti lake la kanisani.

Dada yako asiyejuta,
Sorcha