Mkataba Niliompa Bwana Shen

Ijumaa, 13 Juni 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemponza Bwana Shen.

Yeye ni msimamizi wa kaka yangu Wesley kwenye saiti ya ujenzi ya Lusail, hapa Qatar. Mchina wa makamo, mpole. Kila Ijumaa humfundisha Wesley kuendesha pikapu kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji za Industrial Area. Leo nilikwenda nao — shule nimemaliza, nyumbani sina la kufanya. Wesley akarudisha gari nyuma bila kuangalia. Kishindo! Mlinzi mmoja Mganda yuko chini, mguu umevunjika. Alikuwa ametupa kisogo, hakuona nani ameshika usukani.

Wesley hana leseni. Wakinishika, akasema, ni ndege ya Nairobi tu!

Na mimi, nisiyeongea hata mbele ya wageni, nikaongea. Kwa Kiingereza, kama mwalimu. Shuleni niliandika mradi wa historia kuhusu Hong Kong ya kale: serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungwa na mkataba kuwarudisha wahalifu wa Kichina waliokimbilia huko, wahukumiwe na maofisa wa Uchina. Nikamwambia Bwana Shen: nyinyi Wachina mna mkataba; ukisema ni wewe uliyeendesha, ubalozi wenu utakuchukua. Akanitazama. Wewe umesoma, akasema. Akahamia kiti cha dereva. Polisi walipofika, akasema ni yeye.

Jumamosi, 14 Juni

Bwana Shen bado yuko ndani. Mlinzi amefanyiwa upasuaji. Atatembea, lakini si leo.

Wesley anachekacheka ovyo. "Msomi wetu! Wiki ijayo mzee anakunywa chai kwao!"

Nimesoma tena. Mkataba ule ulikuwa wa Waingereza na mfalme wa Uchina, karibu miaka mia mbili iliyopita. Wa Hong Kong! Hapa ukikosea unahukumiwa na mahakama ya hapa — Mchina, Mkenya, yeyote. Ubalozi utakutembelea, basi. Niliwezaje kujua ya kule nisijue ya hapa ninapoishi?

Jumatatu, 16 Juni

Wesley ameruhusiwa kumwona. Amerudi hacheki tena.

Mtu wa ubalozi alifika, akamletea wakili. Kumtoa hawezi. Lakini Bwana Shen hajakata tamaa. Amemwambia Wesley: mwombe dada yako aniandikie jina la ule mkataba, na kifungu chake. Wakili wangu haujui.

Ananiamini mimi kuliko wakili!

"Andika chochote tu," Wesley ananong'ona. "Tafadhali, Chebet. Nikirudishwa, Mama atamweleza nini Baba?"

Nimemwambia sitaandika. Nimesema nitakwenda kituo cha polisi mwenyewe, kusema ukweli. Amekaa chini sakafuni, ameshika kichwa. Nampenda kaka yangu. Mungu anajua.

Mama amerudi kutoka kazini hospitalini, namsikia akivua viatu. Anauliza mbona kumenyamaza hivi.

Wewe, daftari langu, usimwambie. Nyamaza kidogo tu, mpaka nifike jikoni. Nataka ayasikie haya kutoka kwa mdomo wangu kabla Wesley haja—