Maji ya Anaeli Yaliyochemka Mno

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Meru? Mimi mzima, ila huku Ujerumani baridi inauma mpaka masikio. Nimevaa soksi mbili kama ulivyoniagiza, usinicheke.

Mama, juzi ulinizimia simu nilipotaja kisima cha Baba, nikalia palepale maabara. Ndiyo maana naandika, maana kwenye barua huwezi kunikatisha.

Vile vikaratasi nilivyomtumia Kaka Elia ndivyo tunavyotengeneza hapa, vya bei ndogo ili vifike kwa watu kama sisi. Unachovya kwenye maji, unamulika kwa kitochi cha zambarau. Floraidi, ile chumvi ya ardhini inayoharibu meno na kupinda mifupa, ikiwa nyingi, kikaratasi kinawaka kijani. Elia alipochovya maji ya kisima cha Baba, kikawaka, nikakuona kwenye video umenuna. Ukasema, "Haya, pima na ya mjukuu wangu Anaeli! Hayo nimeyachemsha mpaka yamebaki nusu sufuria!" Akachovya. Loo! Kikawaka kuliko cha kwanza.

Kuchemsha kunaua vijidudu, Mama, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, floraidi inabaki ileile, ndiyo maana kikaratasi kiliwaka zaidi. Ulimchemshia Anaeli sana kwa sababu unampenda, na hakuna aliyewahi kukuambia. Wala marehemu Baba hana kosa. Alichimba kwa mikono yake ili tusipande mlima na ndoo kichwani. Kisima kibaki cha kufulia.

Ya kunywa na kupikia, nakusihi, Elia achote kwenye ile chemchemi ya juu, njia ya Nkoaranga. Ameshaipima, kikaratasi hakikuwaka. Yakitokota kidogo tu, epua. Anaeli bado mdogo, miguu yake imenyooka, na meno yake ya ukubwani yanajijenga sasa hivi ndani ya fizi. Tukiacha kisima leo, tunamuwahi.

Unajua mimi nikicheka naziba mdomo kwa kiganja, kwa haya meno yangu ya kahawia. Wenzangu hapa wanadhani ndiyo adabu ya kwetu, nami nimewaacha waamini hivyo.

Nisalimie Kaka Elia na mkewe, na shangazi wa Kijenge, mwambie kitenge chake nakivaa kanisani. Nakupenda, Mama, hata ukininunia.

Na Anaeli akianza kuota meno mapya, mpige picha akicheka, mdomo wazi. Asizibe.

Mwanao,
Ndeshi