Spika za Baba Mkwe Nyuma ya Shuka la Marekani

Jumapili, Novemba. Wingu zito tangu asubuhi na mvua hakuna. Joto la Tabora limejikalia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Nimechanganyikiwa. Naliandika hilo kwanza, nisije nikajifanya mwerevu huko mbele.

Baba mkwe alihamia kwetu Mtendeni mwaka jana, baada ya mama mkwe kufariki. Ujana wake wote alikuwa fundi mitambo wa jumba la senema hapa mjini. Yeye husema senema, na mimi nimeanza kumuiga. Jumba lilipofungwa aliruhusiwa kuchukua spika mbili kubwa, akazipeleka kijijini Lusu, na huko zimekaa ghalani na magunia ya karanga miaka yote hii.

Katika mwaka mzima tumezungumza nini, mimi na yeye? Shikamoo, Baba. Marahaba. Basi. Chakula chake anakula barazani. Nikiingia sebuleni, anakumbuka shughuli uani. Nyumbani kwetu Morogoro baba yangu alitaniana na wake wa kaka zangu mpaka chai inapoa, kwa hiyo nilijua tafsiri ya jambo hili. Hanipendi.

Nikaamua kumshinda kwa wema. Tuna chumba kirefu cha uani ambacho hakina kazi. Nikasema nitakifanya chumba cha senema, zile spika zitolewe Lusu, na mzee akae humo aangalie picha kama mfalme. Mume wangu Deo anafanya kazi Bukene na huja mwisho wa wiki tu, na binti yetu Neema yuko shule ya bweni, hivyo kazi yote ilikuwa yangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Niliona hii ni kazi ya mtu kama mimi.

Nilipima kila kitu isipokuwa mlango.

Kila spika ni kasha la mbao linalonifika kifuani, na juu yake kuna tarumbeta la bati lenye mdomo mpana kuliko karai la kufulia. Fundi Shabani, seremala wa mtaani kwetu, alizizunguka mara mbili, akavua kofia, akaniuliza kama nina haja sana na lile dirisha. Dirisha likang'olewa pamoja na fremu yake. Zikaingia Jumatano mchana, tukazisimamisha moja kulia na moja kushoto. Katikati ikabaki nafasi ambayo pazia langu la picha halikuweza kuenea bila kukunjwa pembe.

Baba akaja hadi mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alitazama spika, akatazama kochi jipya, akasema bila kumtazama mtu, "Mmeziweka vibaya." Akaondoka.

Jioni ile alimpigia Deo simu kwamba Jumatatu asubuhi anarudi Lusu, akakae peke yake. Sababu hakutoa. Sababu niliijua mimi: mimi.

Nililia, nakiri. Mzee wa umri ule, peke yake na kuku, kwa sababu mke wa mwanawe ameshindwa hata kupanga spika.

Jana Deo alifika. Nikamweleza yote, akanisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kochi. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ulitaka Baba akae kochi moja na wewe? Gizani?"

Kumbe kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, wala hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Ni heshima. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu tunaoana. Eti alidhani najua. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mwanaume anadhani najua! Nilikasirika hata chakula cha usiku akajipakulia mwenyewe.

Lakini hasira ilipopoa nikabaki palepale. Kama ni heshima, mbona anaondoka? Na kama ni chuki, ingeonekanaje tofauti? Mtu anayekuheshimu hakutazami, na anayekuchukia hakutazami. Mimi nitajuaje?

Leo baada ya misa fundi Shabani alikuja kurudishia dirisha. Baba akatoka barazani, akasimama nje ya lile tundu la dirisha. Mimi nilikuwa ndani, hatua mbili kutoka kwake, futi mkononi.

"Fundi," akasema, "mwambie mama Neema spika za senema hukaa nyuma ya kitambaa. Na hicho kitambaa chake chenye mgongo mweusi akitoe, sauti haipiti. Atafute marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi."

Maskini Shabani akanigeukia, akarudia yote neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa Bukene.

Nikamwambia fundi amwambie Baba kwamba chumba kitakuwa kifupi, tutabanwa na picha. Akamwambia. Baba akamjibu fundi kwamba watu wa senema huzoea. Nikaambiwa. Deo alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Marekani ilipatikana mjini, mapana mawili yakashonwa pamoja. Tukazisogeza spika nyuma kabisa, shuka likatundikwa mbele yake. Theluthi ya chumba imeliwa na kochi limekaribia picha kiasi kwamba nyusi za waigizaji zinahesabika. Nilikuwa bado natafuta Baba atakaa wapi, alipoingia yeye mwenyewe na kigoda. Akatupita, akapenya nyuma ya shuka, akaketi katikati ya spika zake.

"Wekeni," akasema kutoka huko.

Tukaweka picha ya Kihindi ya zamani kwenye projekta. Mimi, Deo na fundi mbele, yeye nyuma, shuka katikati. Kwake kila kitu kilikuwa kinyume, watu wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Sikujua nimemtunza mzee au nimemfungia stoo.

Kisha nikasikia kicheko. Sikukitambua. Nilimtazama Deo, Deo akatazama shuka.

Katikati ya wimbo wa kwanza sauti ikaja tena. "Mama Neema, ya kulia umegeuza waya. Ndiyo maana ngoma imefifia."

Nilimgeukia fundi Shabani anipe ujumbe. Fundi akatazama dari.

Ikabidi niulize mwenyewe. "Kulia kwako, Baba, au kwangu?"

Kwenye picha mtu alikuwa anakimbia mvua.

"Kwako, mwanangu. Mimi huku niko kinyume."

Nikachomoa waya kwenye amplifaya. Kweli, mwalimu wa fizikia nilikuwa nimechomeka chanya kwenye hasi. Nikageuza, na ngoma ikarudi, nzito, kochi likatetema. Baba akaanza kunieleza kupitia shuka jinsi walivyokuwa wakizipanga, na mimi nikawa nauliza, naye anajibu, mpaka Deo akalalamika kwamba hasikii picha.

Ilipokwisha hakutoka. Alikuwa anangoja tutangulie.

"Mama Neema."

"Abee, Baba."

"Kesho shuleni mnatoka saa ngapi?"

Nilihesabu siku kichwani nisikosee. Kesho ni Jumatatu. "Saa tisa na nusu, Baba."

"Haya. Utakuta nimewasha."

Sasa nimekaa hapa naandika na bado sielewi. Inakuwaje mtu anisogelee kwa kujificha? Nimwulize Deo? Huyo naye atasema alidhani najua. Kesho kuna kikao cha walimu baada ya vipindi. Wanisamehe, sitakuwepo.