Gurudumu Uliloliacha Bila Moyeu

Mzee Ramazani,

Salamu kwanza. Ulizoea kuniambia salamu haina kanisa wala msikiti, basi pokea yangu hivyo hivyo. Ni mimi Josiane, yule binti wa mtaa wa Ruziba uliyemfundisha ufundi wa baiskeli hapa mtaani Buyenzi. Mwaka umepita tangu ugonjwa wa sukari ukuchukue. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilikuwa na aibu. Leo aibu imepungua.

Unakumbuka ulivyoiacha baiskeli yangu. Fremu fupi tayari, usukani mpana tayari, gurudumu la mbele lipo. La nyuma lilikuwa rimu tupu imetundikwa ukutani, kwa kuwa ulikuwa hujachagua moyeu, ile habu ya katikati inayoshika spoki zote. Kila siku nilikusumbua, na wewe ukacheka: "Usiniharakishe, binti. Wafaransa wanaiita moyeu. Wamekosea kidogo tu, walitaka kusema moyo."

Nilitamani sana kuruka kama wewe. Kiwanjani nyuma ya gereji, ukiwa juu ya baiskeli, ulipanda mawe ya mto Ntahangwa, ukaruka kutoka pipa hadi pipa, ukasimama tuli juu ya tairi la lori, na mguu haugusi chini. Watu walisema mzee amerukwa na akili, vita iko nje na yeye anacheza na mapipa. Uliwajibu: "Vita sikuileta mimi. Hili pipa nimeliweka mwenyewe."

Ulipotutoka nilitaka kuimaliza haraka, kana kwamba ungeweza bado kuiona. Lakini vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, vipuri hakuna. Miezi mitano baadaye Mama Furaha, yule Mkongomani anayepenya mpakani kutoka Uvira, akaniletea moyeu wa alumini uliotoka kwenye baiskeli ya mashindano. Mwepesi, unang'aa kama kijiko cha harusi. Kwenye kona kulikuwa na ule mwingine wa chuma, tulioutoa kwenye baiskeli ya mtu wa kushusha ndizi kutoka milimani. Mzito, mweusi kwa grisi. Sikuufungua hata kuutazama. Nikachukua unaong'aa.

Jumapili ya kwanza baada ya kuufunga, kiwanja kilijaa. Nikasimama mbele ya pipa, nikakanyaga pedali kwa uzito wangu wote ili niruke, na pedali ikaenda bure. Ndani, vikucha vinavyopaswa kushika meno viliteleza. Usukani ukanigonga kifuani, nikaangukia bega, mfupa ukavunjika. Mzee, sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu niligeuka kukutafuta, na hukuwepo.

Mama Zuhura, mke wako, alikuwa hajaingia gereji tangu siku ya mazishi. Hata eda ilipokwisha alipitia ng'ambo ya barabara. Aliposikia nimevunjika alikuja na uji. Akanikuta nimekaa chini, mkono mmoja umefungwa shingoni, nahangaika na moyeu kwa mkono uliobaki na miguu miwili. Akaweka uji pembeni.

"Apana, we mutoto, utavunja na ule mukono mwingine. Nionyeshe pa kushika."

Tukaufungua. Vikucha vimelika mpaka vimekuwa mviringo, na kwenye shavu la moyeu, pale spoki zinapopita, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kitu kile kilitengenezwa kwa mtu anayekimbiza baiskeli barabarani. Hakikutengenezwa kwa mtu anayesimama tuli kisha anatupa mwili wote juu ya pedali kwa mara moja. Tukafungua na ule wa chuma. Mhimili mnene, unakazwa kwa nati pande zote mbili. Mashavu mapana, mashimo thelathini na sita, hakuna hata moja lililopanuka. Gololi zilizunguka kimya baada ya kuoshwa.

Kikabaki kitu kimoja. Gia yake ya nyuma ilikuwa na meno machache ya ndani, yale yanayoshikwa na vikucha, lakini makubwa. Hapo nilisita siku tatu. Meno mengi madogo hushika upesi. Machache makubwa huchelewa kidogo, ila yakishika hayaachii. Mama Zuhura akaniuliza, "We unaogopa nini zaidi, kuchelewa ao kuanguka?"

Nikachagua kuchelewa.

Alinishikia gurudumu wiki nzima, nami nikapitisha spoki moja moja. Akaanza kunisimulia mambo yako ambayo hukuniambia kamwe, kwamba ulificha suruali zilizochanika chini ya kitanda ili asijue umeanguka tena. Tulicheka. Halafu akasema, "Lete ingine," nikaleta spoki nyingine.

Jumapili iliyopita, bega likiwa limepona, nikapanda. Walikuja vijana wa Kinama na wa Musaga, ambao kwa miaka, kwa sababu ya vita, hawakukanyaga mitaa ya wenzao. Hapa Buyenzi watu wa kila upande wanafika, kwa kuwa wote wanaharibikiwa na baiskeli. Walisimama makundi mawili, mikono mifukoni. Nikapita mawe. Kabla ya kila kuruka nilisukuma pedali kidogo mpaka nisikie meno yameshika, ndipo nikajitupa. Pipa la kwanza, tak! La pili, tak! Kwenye tairi la lori niliyumba, na mguu uligusa chini, sikufichi. Lakini moyeu haukuteleza hata mara moja. Nilipogeuka, makundi yale mawili yalikuwa yamechanganyika, yanabishana juu ya mguu wangu. Wa Musaga anaapa umegusa, wa Kinama anaapa haukugusa. Baadaye wakaomba kujaribu, huyu akimshikia yule usukani.

Vikwazo vimeondolewa, Mzee. Vipuri vimeanza kuingia, vinametameta madukani. Sasa navifungua kabla ya kuvisifu.

Pumzika. Mungu wako na wangu, nadhani ni mmoja, akupe mahali papana. Jana, tukifunga gereji, Mama Zuhura aliniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumfundisha kuendesha. Miaka yote hiyo mke wa fundi, na hajawahi kupanda baiskeli hata moja! Tunaanza Jumatatu asubuhi, kwenye barabara tambarare karibu na ziwa. Nakuahidi nitakimbia nyuma yake nimeshika kiti, na sitaachia mpaka aseme mwenyewe niachie.

Binti yako wa gereji,
Josiane